Sekunde Nane za Mkebe wa Tano

Bombay, 9 Novemba 1987

Mjomba Hindurao,

Barua hii ikikukuta hemani, lorini au kwa kinyozi, shikamoo. Mimi mzima. Chumba changu cha hapa Dadar bado kinavuja. Mvua ilikwisha mwezi uliopita lakini dari haijapata habari. Ile achari ya maembe ya Mkazamjomba Anusaya imebaki kidole kimoja tu chupani, na wenzangu wa ofisini wanaifuata mpaka mezani kwangu. Mwambie Bibi dawa ya magoti nimeipata, nangoja mtu wa kuja huko.

Sasa jambo lenyewe. Nilikwisha kukuandikia kwamba bosi wangu Bwana Hingorani anaitoa upya Bangili ya Tisa, ile filamu iliyopigwa Kolhapur mwaka 1962, kwa ajili ya wenye mahema ya sinema mnaozunguka vijijini. Trela ya zamani, kile kipande cha kuitangaza filamu, ilipotea, akanipa mimi nitengeneze mpya. Trela yangu ya kwanza, Mjomba, bila mtu kunisimamia begani! Nikahakikisha wewe unapata nakala kabla ya wenye mahema wengine wote, na nikaweka saini yangu kwenye daftari la ofisi kukudhamini.

Nakala imerudi. Mzee wa ukaguzi ameipima futi kwa futi, kama anavyozipima zote. Trela haipo kabisa. Na mkebe wa tano wa mkanda umepungua futi kumi na mbili, pale kwenye mandhari ya soko. Palipokatwa pamebandikwa kwa gundi vizuri mno, hata alama haionekani. Mkono huo naujua. Ni wewe uliyenifundisha kubandika hivyo nikiwa na miaka tisa.

Bwana Hingorani ameniita mbele ya watu wote. "Bi Kalindi," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako." Nilitamani sakafu ipasuke.

Tafadhali tuma trela na hicho kipande, tuyamalize. Sitaki kujua ulikata kwa nini.

Mpwa wako,
Kalindi


Kambini, Pusegaon, 20 Desemba 1987

Mpwa wangu Kalindi,

Barua yako imesafiri kuliko mimi. Ilikwenda Karad tukawa tumeondoka, ikaja mji wa Vita tukawa tumeng'oa vigingi, imenipata hapa kwenye jatra, sikukuu ya hekalu, ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha mtu nisiyemjua. Marahaba. Sisi hatujambo. Lori limebadilishwa gia na bado linalia. Mkazamjomba wako anasema achari haipelekwi ofisini, ni ya kula mwenyewe na mkate wa bhakri, kama huna adabu hatatengeneza nyingine. Bibi yako yuko nyumbani anagombana na mbuzi wa jirani na anamshinda.

Umeniandikia habari ya trela. Vizuri, nami nina habari ya trela.

Niliionyesha usiku wa kwanza pale Karad, kutangaza filamu ya kesho yake. Nilivunja nazi mbele ya mashine, nikawasha ubani, nikajisifu kwa kipaza sauti kwamba mtoto wa dada yangu ndiye fundi. Dakika tatu, Kalindi! Nyimbo nne, ngumi, machozi, harusi, na katikati ya makelele hayo yote ukamwonyesha shemeji mtu akificha bangili chini ya gunia la mtama. Filamu nzima watu wanajiuliza nani kaiba bangili, na wewe umewajibu kabla hawajauliza! Mtoto wa miaka sita upande wa wanawake akapiga kelele, "Ni shemeji!" Watu wakacheka. Kesho yake hema lilikuwa nusu. Mzee mmoja aliniambia, "Hindurao, ile tumeshaiona, leta nyingine."

Debe tupu haliachi kuvuma, na trela yako ni debe. Nikaitoa kwenye mashine, sikuionyesha tena. Trela nzuri ni ile inayowafanya watu wagombane njiani wakirudi makwao. Mke anasema vile, mume anasema hivi, wanalala wamepeana migongo, na kesho wote wawili wako mlangoni kwangu.

Na kosa lako jingine ni kwamba unatazama wenye majina tu. Uso mkubwa wa nyota, uso mkubwa wa adui, basi. Hukutazama nyuma yao hata mara moja.

Nina kazi, wanaume wa vigingi wananiita.

Mjomba wako,
Hindurao


Bombay, 2 Januari 1988

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka. Dawa ya Bibi nimempa dereva wa basi la Satara, itafika kabla ya barua hii. Mimi nina mafua.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta neno "kipande". Halimo. Umenipa mafunzo ya trela kurasa mbili, na nilichokuomba hujakigusa.

Haya, na mimi nijibu. Bwana Hingorani ndiye anayetaka nyimbo nne. Bwana Hingorani ndiye anayetaka shemeji aonekane, maana yule shemeji amekuwa mtu maarufu siku hizi. Mimi nina mkasi tu. Usidhani sijui trela nzuri ni ipi. Niliiona hemani kwako nikiwa na miaka saba: mtoto amelala, nyoka anapanda mguu wa kitanda, mama yuko kisimani anaimba, na hapo ikakatika. Tukahama kesho yake, filamu ikaenda kwa mwenye hema mwingine. Nimekuuliza miaka ishirini kama yule mtoto aliumwa na hutaki kunijibu. Ile ndiyo trela ninayoipenda kuliko zote, na mpaka leo inaninyima raha.

Lakini sikiliza. Mzee wa ukaguzi ameanza kufukua. Amefungua madaftari ya zamani na kupata nakala nyingine nne zilizopita kwako miaka iliyopita, zote zimepunguzwa na hakuna aliyeuliza. Futi saba, futi nane na nusu, futi tisa, futi kumi. Zote ni filamu za Kolhapur, kati ya 1962 na 1964. Na kinachomshangaza ni kwamba wezi wa mikanda huiba ngoma na mapigano. Wewe umeiba watu wanaotoka hekaluni. Umeiba watu wanaovuka mto. Umeiba soko! Nani anaiba soko, Mjomba?

Bwana Hingorani amesema hivi: vipande vyote visiporudi kabla ya sikukuu ya Holi, hupati filamu hata moja kwa msimu wa jatra za mwezi wa Chaitra. Na mwaka wako wote unategemea Chaitra, hilo huhitaji kuambiwa na mimi.

Mficha uchi hazai. Nieleze.

Kalindi


Kambini, Pal, 19 Januari 1988

Kalindi,

Marahaba, na pole kwa mafua. Chemsha tangawizi. Dawa imefika, Bibi ameinusa akasema ni ya ng'ombe, lakini anaipaka.

Mwambie mzee wa ukaguzi ana macho mazuri, na ayatafutie kazi nyingine.

Ninavyo vipande. Sikatai. Sitavituma. Hayo ndiyo maelezo.

Unanitisha kwa Chaitra? Nimefunga na kufungua hema hili miaka ishirini na mitano. Nimeonyesha filamu kwenye upepo unaong'oa nguzo. Mwaka mmoja mkanda ulishika moto nikauzima kwa blanketi la mke wangu, na hajanisamehe. Hingorani asiponipa filamu nitaonyesha mikono yangu ukutani, nifanye sungura.

Nikwambie trela yangu mimi, kwa kuwa umeniambia yako. Mwaka 1958, nikiwa kijana wa kubeba mikebe kwa watu. Mlango umefungwa. Mkono wa mwanamke unagonga. Unagonga tena. Mlango unafunguka kidogo, hatuoni aliye ndani, tunamwona mwanamke tu, na uso wake unabadilika. Basi. Jina la filamu likatokea. Hakuna aliyejua ameona nini. Nimesahau filamu yenyewe ilihusu nini, lakini ule uso ninao. Wala hakuwa nyota, alikuwa mtu tu waliyemwokota kwa kazi ya siku moja. Ndiyo maana tulimwamini.

Wewe ulikuwa na uso wa namna hiyo mkononi, ukaukata. Nimeona mahali ulipokata. Nyota anatoka sokoni, wewe chap! Ungengoja kidogo tu. Wiki tatu mezani na hukuona kitu! Hasira niliyoipata siku ile ilinifanya niitoe trela yako na kuitupa kwenye sanduku, na hasira hiyo bado haijaisha, kwa hiyo usiniandikie kwa ukali kana kwamba wewe ndiye uliyekosewa.

Hindurao


Bombay, 5 Februari 1988

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa wote, nitakuwa mfupi.

Nimeondolewa mezani. Kuanzia Jumatatu ninaandika lebo za mikebe, kazi niliyoanza nayo miaka sita iliyopita. Kijana aliyekuwa ananiletea chai ya saa nne sasa ananipita. Holi ni tarehe tatu mwezi ujao. Ikipita bila vipande, jina langu linatoka kwenye daftari pamoja na lako.

Ulipigana na ukoo mzima nije Bombay. Baba mdogo alisema kazi ya filamu ni ya wanawake waliokosa kwao, na wewe ukamtoa nyumbani kwa kumshika mkono. Ulinisindikiza mpaka ndani ya treni. Sasa kazi hiyohiyo unaniacha niipoteze kwa ajili ya soko, na hutaki kuniambia kwa nini. Nimechoka, Mjomba. Nimekukasirikia mpaka nashindwa kula.

Unasema nilikata uso. Uso wa nani?

Kalindi


Kambini, karibu na Phaltan, 18 Februari 1988

Mpwa wangu, mama yangu,

Nimepata barua yako jana. Sikumwonyesha mkazamjomba wako, lakini aliponiona nimeshika sahani bila kula aliichukua mwenyewe akaisoma, kisha akaniambia, "Mwandikie mtoto leo, au mimi nitamwandikia, na mimi sitachagua maneno." Kwa hiyo nakuandikia.

Uliambiwa mama yako Rakhma alikufa kwa homa, Miraj, kwa shangazi yetu. Homa ni kweli. Miraj si kweli. Rakhma alikuwa Kolhapur. Baba yako alipooa mke wa pili, yeye alikuacha kwa Bibi, ukiwa hujafikisha miezi kumi, akaenda kutafuta kazi kwenye viwanja vya filamu. Si nyota, hakuna aliyejua jina lake. Alikuwa mmoja wa wale wanaopita nyuma. Leo mchuuzi, kesho mwenda hekaluni. Aliifanya miaka miwili na miezi kadhaa. Mvua ya mwaka 1964 ilimkuta na homa ya matumbo katika chumba cha kupanga, na aliyekwenda kuuchoma mwili wake ni mimi peke yangu. Babu yako alisema binti aliyetembea mbele ya kamera hakuzaliwa nyumbani kwake. Aliniapisha mbele ya madhabahu ya nyumba kwamba hutaambiwa. Picha mbili alizoacha Rakhma, babu yako alizitia motoni. Amekufa babu, Bibi hajawahi kulitaja jina lile, na mimi kiapo kikanikaa kooni.

Mara ya kwanza nilimwona mwaka 1970. Najaribu mashine kabla ya onyesho, hema tupu, na dada yangu anavuka mto. Nilikata. Tangu hapo kila filamu ya Kolhapur ya miaka ile naipitisha kwanza peke yangu. Nimempata katika tano. Yote pamoja ni sekunde thelathini na moja. Huyo ndiye dada niliye naye.

Trela yako nilipoiona na soko likaja, niliinuka kwenye kiti. Nikasema, mtoto amemjua mama yake bila kuambiwa! Halafu ukakata. Kwa hiyo nilikukasirikia kwa kutojua jambo nililokuficha mwenyewe. Mke wangu ananiambia mimi ni mjinga, na sijampinga.

Mkebe anao kondakta wa basi la asubuhi. Vipande vyote vimo, na trela yako. Sokoni, tazama nyuma ya nyota, upande wa kushoto, mwanamke mwenye mtungi. Rudisha, uwape watu mali yao. Ila usimwambie mtu wa nyumbani, hasa Bibi.

Mjomba wako,
Hindurao


Bombay, 9 Machi 1988

Mjomba,

Shikamoo. Mkebe ulichelewa stendi, ukafika siku tatu kabla ya Holi. Nilifunga mlango wa chumba cha kukatia nikaupitisha.

Kwanza nikutukane, kisha niendelee. Mjomba! Mkanda wa asili uko hapa! Upo ghorofa ya pili, juu ya kichwa changu, kwenye kabati la chuma, na nakala zote duniani hutolewa humo. Ungeniandikia neno moja tu, ningekutolea nakala ya soko, ya mto, ya hekalu, hata ukatandaza hemani. Miaka kumi na minane unaiba vipande kama panya, wakati mimi miaka sita ninakaa chini ya kabati! Sijui nikulilie au nikurushie mkebe.

Sasa lako limekwisha, sikiliza langu. Sikumpita bila kumwona. Nilimwona. Nilimwona labda mara arobaini. Nyota anatoka, mwanamke mwenye mtungi anasimama, anageuka, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Hilo ni kosa, Mjomba. Watu wa nyuma hawaruhusiwi kuitazama kamera, inaharibu mandhari. Nilichukua kalamu ya nta nikaandika kwenye mkanda wangu wa kazi, kwa mkono wangu mwenyewe: "Mwanamke anatutazama. Kata hapa."

Maandishi hayo bado yapo. Nimeyashika leo. Nililia mpaka mzee wa ukaguzi akabisha hodi, na nilipomwambia yule ni nani, alivua kofia akaketi. Yeye ndiye aliyekwenda kwa Bwana Hingorani kusema vipande vimerudi vyote na nakala ni nzima. Filamu zako za Chaitra zitakuja. Nami nimerudi mezani.

Na nimeitengeneza upya trela. Dakika moja na robo. Wimbo mmoja, tena bila maneno. Bangili zinahesabiwa, moja mpaka nane. Shemeji hayumo. Nyota anatoka sokoni, sikati. Mama anasimama, anageuka, anatutazama, sekunde zake zote nane, kisha jina la filamu. Bwana Hingorani alipiga kelele, "Huyu ni nani? Hana hata jina!" Lakini wale vijana wa kufunga mikebe walitoka nje wakibishana. Mmoja anasema yeye ndiye mwizi, mwingine anasema yeye ndiye aliyemwona mwizi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Bwana Hingorani akasikiliza, akasema, "Haya, iende."

Umesema nisimwambie mtu wa nyumbani. Simwambii. Ila trela hii inakwenda kwenye kila hema kuanzia Nashik mpaka mpakani, na lako limo. Kiapo kilikuwa chako, si changu.

Kalindi


Kijijini, 12 Aprili 1988

Kalindi,

Marahaba. Tuko nyumbani kwa jatra yetu. Lori limekufa gia tena, safari hii mbele ya hekalu, na kila mtu ana maoni. Mkazamjomba wako ameanza achari mpya na amesema chupa yako itakuwa kubwa, kwa hiyo matusi yako kwangu amekusamehe.

Nilikusudia kutoionyesha trela hapa. Kote nimeionyesha, Phaltan wamegombana vizuri sana, lakini hapa niliificha chini ya kiti cha lori. Unamjua Bibi yako, miaka ishirini na mitano hajakanyaga hema langu, hata kivulini. Sijui nani alimwambia. Mkazamjomba wako anaapa si yeye, na anaapa haraka mno. Jana saa moja jioni, watu wameshaketi, nikamwona anaingia upande wa wanawake na fimbo yake. Akaketi mbele kabisa, juu ya gunia. Akasema kwa sauti ya kumgombeza mbuzi, "Onyesha ile ya Kalindi."

Nifanyeje? Niliiweka.

Alipogeuka Rakhma, Bibi yako alishika fimbo kwa mikono miwili. Jina la filamu likaja, nikawasha taa. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha." Mara ya tano wanaume upande wa pili wa pazia wakaanza, "Hindurao, hii ndiyo filamu yenyewe?" "Mama, tuna mifugo asubuhi!" Bibi yako akasimama, akalishika pazia akalisukuma kwa fimbo, akawaambia wanaume wote wa kijiji, "Nyamazeni! Huyu ni Rakhma wangu. Ananitazama mimi, si ninyi."

Miaka ishirini na nne jina lile halijamtoka, Kalindi. Nilishindwa kuiona mashine, mke wangu ndiye aliyenishikia mkanda.

Mara ya kumi na moja ulikatika, palepale anapogeuka. Bibi amesema ni uzembe wangu. Leo tangu alfajiri yuko hapa mlangoni kwa lori ananigombeza, tena jina analitaja kila baada ya neno la pili, Rakhma hivi, Rakhma vile, nimechanganyikiwa. Anataka nakala nyingine. Na anataka safari hii usiikate fupi hivyo, iendelee mpaka mtoto wake afike alikokuwa anakwenda na ule mtungi. Nimemwambia ndiyo yote iliyopo. Haamini. Anasema mimi ni mvivu na wewe ni mchoyo. Njoo umweleze mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Mjomba wako,
Hindurao